Kumnyatia Nyati wa Sabasaba

Jumatatu, 3 Julai 1972. Kishanda.

Mkutano wa kijiji. Ajenda moja: nyati. Amemaliza viazi vya shamba la ujamaa, sasa ameanza mihogo. Bwana Nyama, yule ofisa wa wanyamapori wa Muleba, ameruhusu tumuue huyo mmoja tu, aliwe Sabasaba. Na gobole la kijiji analo nani? Mimi, Damian. Alilishika baba, na alipofariki nikalishika mimi.

Kisha Mwenyekiti, Mzee Mushumbusi, akasema mbele za watu kwamba nikiingia porini nalia kama mafundi bati wa Bukoba mjini. Watu wakacheka! Rugemalira, jirani yangu, akacheka kuliko wote. Analitamani gobole hilo tangu baba yu hai. Uamuzi: nisipoleta nyama kabla ya Sabasaba, gobole linakwenda kwake.

Gobole la baba kwa Rugemalira! Sitakubali.

Jioni nikavaa vifaa vyote, nikarukaruka uani nisikie kinacholia. Mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti, unagonga mtutu. Pembe ya baruti inagonga panga. Kopo la fataki, vile vidude vya kuwashia baruti vikigongwa, ni kayamba tupu. Magoti nayo yanalia, ila hayo nimeyasamehe. Mke wangu Immakulata akauliza ngoma hii inachezwa bila wapigaji?

Jumanne, 4 Julai.

Dawa nimeipata. Mhaya ana migomba, anataka nini tena? Nimefunga kila kitu kwa magome makavu ya mgomba: mdeki, pembe, panga, kopo, hata viatu. Alfajiri nikashuka bondeni. Chuma kimya kabisa. Lakini magome sasa! Chakacha, chakacha, kila hatua. Nyati akainua kichwa, akanitazama, akaondoka. Hata kukimbia hakukimbia, alitembea. Dharau gani hii?

Jumatano, 5 Julai.

Kosa lilikuwa ukavu. Jani bichi likibabuliwa motoni hulainika, halitoi sauti. Kila anayepika ndizi analijua hilo. Nimebabua majani yote aliyokata Immakulata ya kufunikia ndizi za mchana, nikajifunga toka vifundo vya miguu hadi kwapani. Kimya cha kanisani!

Nikapita nyuma ya nyumba ya Rugemalira. Mbuzi wake wakanusa. Wakanifuata wote, wanalia, wananitafuna mgongoni. Nimefika bondeni na kundi zima. Nyati hakuonekana. Rugemalira alionekana. Akanishtaki kwa balozi wa nyumba kumi, eti naiba mbuzi. Nikamwuliza balozi, mwizi gani anayeliwa nguo na mali aliyoiba? Balozi alicheka hadi akashindwa kuamua, akatufukuza wote wawili.

Nyumbani ndizi hazijaiva, hakuna majani. Immakulata hasemi neno. Kimya cha namna hiyo sikukitafuta mimi.

Alhamisi, 6 Julai.

Mulamu wangu Ildefons, kaka yake Immakulata, kaniazima mbwa wake wa kuwindia. Mbwa wa mawindo wa kwetu huvaa kengele ya mti shingoni, kwa kuwa habweki. Bila kengele hujui yuko wapi wala anafukuza nini. Ildefons alinisihi: waitu, kengele usiiguse. Nikaitikia vizuri. Tulipopinda kona nikaijaza matambara.

Vifaa nimevifunga kwa lubugo, nguo ile ya gome la mti, ya baba. Haichakachi, na mbuzi haitaki. Halafu nikawaza jambo ambalo wawindaji hawajaliwaza tangu enzi za Mjerumani: kinyundo cha gobole. Kikishuka kinapiga tak! Kwa nini nyati asikie? Nikakivika kofia nene ya lubugo. Akili hizi zingezaliwa Ulaya zingeandikwa gazetini.

Nikaingia porini. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mbwa akapotea, sikujua yuko wapi. Nimesimama najisifu, mara nasikia pumzi nyuma yangu. Tata weitu! Mbwa kanifukuzia nyati hadi mgongoni, kimyakimya, kama nilivyotaka mwenyewe. Nikageuka. Nikalenga. Nikavuta kilimi. Kinyundo kikashuka juu ya fataki taratibu, kama mama anayelaza mtoto.

Hakuna kilicholia. Hata kidogo.

Basi nikalia mimi. Mti niliupanda sijui vipi. Kelele zangu zilifika shamba la ujamaa, watu wakaja mbio na ngoma na mapanga, Rugemalira mbele. Nyati akatimka, akakanyaga mihogo yote iliyokuwa imebaki. Kushuka mtini kulinishinda. Aliyenishika miguu na kuniteremsha ni Rugemalira.

Ijumaa, 7 Julai. Sabasaba.

Nyimbo, hotuba, maharage. Nyama hakuna. Mzee Mushumbusi akaniomba gobole mbele ya kijiji kizima. Nikalitoa. Kitako chake kimelainika pale shavu la baba lilipokaa miaka yote. Rugemalira alilipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, na hakucheka. Heri angecheka.

Mimi nimepewa kazi mpya: kukaa kwenye kibanda cha shamba na kupiga debe, nyati asisogelee mihogo itakayopandwa. Mwenyekiti alisema kijiji hiki hakina mtu mwenye kelele kunizidi. Makofi! Immakulata naye alipiga.

Jioni nimelijaribu hilo debe. Lina kelele mno! Nyati atashtuka kabla hajafika, na nyati aliyeshtuka nani atamkaribia? Watu wa kijiji hiki hawafikiri. Nimelivika blanketi letu, nikalikaza kwa kamba. Sasa nalipiga kwa nguvu zangu zote na hata mimi niliyelishika silisikii. Kesho watanijua.