Mama Sifuri na Foleni Safi

Jumatatu, 3 Machi
Kazi mpya! Mwangalizi wa foleni, kwa majaribio. Ofisi yetu inatuma ujumbe wa simu kwa niaba ya maduka, zahanati na shule. Kila ujumbe unapanga foleni ndani ya kompyuta mpaka programu ya kutuma iuchukue. Mimi naandika amri kwenye skrini nyeusi, naona ni jumbe ngapi zinasubiri. Zikizidi, naamsha programu. Basi! Na walisema mtu wa darasa la saba haiwezi kompyuta.

Mama mkwe ndiye anayebaki na mwanangu. Kanikumbusha kwamba mgongo wake unastaafu Ijumaa. Hakuna shida. Wenye kituo cha kulelea watoto wakipata nafasi watanitumia ujumbe, nami nijibu siku hiyohiyo. Simu naiweka kifuani.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Idadi inakimbia kama namba za pampu ya mafuta. Naamsha programu, haiamki, inaniandikia kosa. Jirani yangu wa meza, tunamwita Kibodi kwa anavyogonga herufi kama anaua mende, kaniambia nisome kwanza kosa lenyewe limeandikwa nini. Refu mno! Nikatafuta kwenye amri nyingine, nikakuta moja tamu: futa foleni. Nikabonyeza. Sifuri!

Msimamizi kapita, kaona, kasema hajapata kuona foleni safi namna ile. Kanibatiza Mama Sifuri. Kibodi kanuna. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nesi wa zahanati kapiga simu anafoka: kakaa na chanjo zake peke yake kama bibi harusi aliyekimbiwa. Hakuja mama hata mmoja. Nikampa pole, nikamweleza kwamba watu siku hizi hawasomi ujumbe.

Simu yangu kimya. Mama mkwe kasema wenye kituo ni wavivu. Nimekubaliana naye. Mwanangu kaota jino la pili! Nimelibusu mpaka kaning'ata.

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi kaita ofisi nzima niwaonyeshe siri yangu. Nimevaa blauzi ya sherehe. Foleni ilikuwa imefurika tena, kila mteja katuma upya ujumbe wake wa Jumanne. Vizuri, mfano mkubwa! Nikaandika amri, nikabonyeza kwa kidole cha mwisho, kwa madaha. Sifuri!

Nikangoja makofi. Kibodi kashika kichwa, kauliza kama najua ujumbe wote ule umekwenda wapi. Kwa wenyewe, nikamjibu, kwani kwingine ni wapi? Kasema umekwenda jalalani na haurudi. Msimamizi kakaa chini. Kiti hakikuwepo.

Kibodi kasoma kosa. Eti nywila ya programu ilikwisha muda, na hilo limeandikwa mstari wa kwanza kabisa. Kabadilisha, programu ikaamka. Sasa "Mama Sifuri" wananiita kwa sauti nyingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimehamishiwa mapokezi mpaka wajue wanifanye nini. Mchana nikambeba mwanangu, tukaenda na mama mkwe kituoni kuwauliza hao wavivu. Mkuu wa kituo kasema nafasi ilipatikana Jumanne, wakanitumia ujumbe. Kimya. Alhamisi asubuhi wakatuma tena. Kimya. Wamempa mtoto mwingine. Nikauliza, kwa ukali, wanatumia ofisi gani ya ovyo kutuma ujumbe wao. Kanitajia.

Nimelia kidogo. Mwanangu kanifuta kwa mkono wenye biskuti. Mama mkwe kanitazama, kamtazama mjukuu, kasema mgongo utasogeza kustaafu wiki moja. Moja tu, mkwe wangu, usinizoee.

Yatosha kabisa! Mkuu kaniweka kwenye foleni ya wanaosubiri nafasi. Walio mbele yangu wamejaza skrini nzima, na skrini yenyewe nyeusi kama ile ya ofisini. Maskini, kalalamika foleni imemshinda. Nikamwambia mimi ni mtu wa foleni, nitamsafishia bure. Kanishukuru mpaka nikaona haya.

Jumatatu naenda. Blauzi nimeshaifua.