Msaidizi Husagwa Kwanza

Jumatatu, 10 Machi 2025

Ijumaa Profesa Byabato anachagua mmoja wa kusomea uzamivu. Ni mimi, Mutayoba wa Bukoba, au Bernadeta wa Magu. Naitaka nafasi hii kwa kufa na kupona. Utafiti wetu: jinsi seli ya hamira inavyounda mtambo wake wa kusaga protini chakavu. Vipande vinajipanga pete juu ya pete. Protini moja msaidizi inavishikilia visiachane. Mtambo ukikamilika, wa kwanza kusagwa ni huyo msaidizi. Nimecheka peke yangu maabara. Bernadeta atakuwa msaidizi wangu: akuze hamira, aandae visahani vya kuikuzia. Kuwasilisha nitawasilisha mimi.

Jumanne, 11 Machi

Bernadeta kakubali bila ubishi. Wasukuma wapole sana. Jioni nikaenda soko la samaki la Mwaloni, nikachukua sangara wa nguvu. Atamfikia Profesa Ijumaa asubuhi. Kwa mkubwa huendi mikono mitupu, hasa Mhaya mwenzako. Friji ya maabara imejaa visahani vya hamira. Nimevihamishia dirishani. Hewa safi haijawahi kuua mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Vimekufa. Jua limevikausha kama ukoko. Bernadeta kauliza nani kavitoa. Nikasema ni Dorcas, mfanya usafi. Akasema Dorcas yuko likizo Nansio tangu wiki iliyopita. Nikakohoa. Nimenunua hamira ya maandazi dukani, nimeipiga picha kwa hadubini mwenyewe. Hamira ni hamira.

Ijumaa, 14 Machi

Hamira si hamira. Ile ya maabara ilitiwa alama inayong'aa ili mtambo uonekane ukijiunga. Ya maandazi haing'ai. Picha zangu zote giza. Nikaeleza kwamba mtambo ulishajisaga wenyewe. Profesa akavua miwani, akauliza nani kaweka samaki kwenye friji ya utafiti. Bernadeta akaonyesha pete zake za kijani zinavyowaka. Kumbe alikuwa na visahani vya akiba maabara ya jirani. Nafasi kapewa yeye. Sangara katupwa. Imeniuma, nimelala bila kula.

Jumamosi, 15 Machi

Bernadeta kapiga simu. Anataka niwe msaidizi wake: nishikilie vipande vyote vya kazi mpaka ikamilike, halafu tutaona. Nimekubali kabla hajamaliza. Masikini, hajui anamkaribisha nani. Bila mimi mtambo wake hauungani! Ukikamilika, wa kwanza kufikiriwa nitakuwa mimi.

Jumatatu nampelekea Profesa samaki wengine, sato. Wadogo wadogo, wataenea kwenye friji juu ya visahani.