Kibanda cha Pampu Chenye Misalaba ya Shaba

Sogeeni, enyi mnaofungua bomba bila kuuliza maji yametoka wapi! Zimeni redio, waacheni mawaziri na majenerali wagombanie Katanga, maana katika mwaka ule ule wa sitini na moja, hapa Elisabethville, lilitendeka jambo ambalo redio haikuthubutu kulitangaza: Symphorien, mwana wa fundi wa reli, simba wa penseli, mshika rula asiyetetereka, aliamriwa kuchora kibanda cha pampu ya maji cha chuo kikuu.

Wengine wangechora kuta nne wakaenda zao kula. Siyo yeye! Aliinamia karatasi kama jemadari juu ya ramani, akapigana na mlango, akalishinda paa, na injini ilipodai hewa, akautoboa ukuta mzima matundu yenye umbo la misalaba ya shaba, ile waliyotolea mahari mababu. Ulikuwa mchoro wake wa kwanza kubeba jina lake, na aliupenda mpaka mkewe Adolphine akaona wivu.

Kibanda kikasimama. Alhamisi akaja mkuu wake, mhandisi Léonard, mfalme wa saruji, akakunja uso.

"Symphorien, hii iko pompe, haiko kanisa ya cathédrale! Nani atakuya kuangaria pompe? Lundi tutapanda miti mbele, tuifiche."

"Patron," akajibu shujaa, kifua mbele, "hata pompe iko na uso. Kama hakuna muntu atakuya kuiangaria mbele ya lundi, miye mwenyewe nitachimba mashimo ya miti."

Ole wake! Lundi, yaani Jumatatu, ilikuwa mlangoni. Ijumaa hakuja mtu. Jumamosi alikuja mbuzi, akajikuna ukutani, akaenda zake. Mchana Léonard akafika kupima mahali pa miti, na Symphorien akasimama kando yake, jembe mkononi, moyo umemvunjika kabisa.

Mara honi! Ikaingia arusi nzima, iliyorudishwa na vizuizi vya askari ilipokuwa ikielekea bustani ya mjini wanakopigia picha maharusi wote. Shangazi wa bibi arusi, Marie-Thérèse mwenye sauti ya tarumbeta, akashuka garini, akauona ukuta.

"Bantu, muone! Croisettes za mahari! Bankambo, babu betu ba zamani, banatubariki. Photo njo hapa!"

Vigelegele vikapasua anga. Maharusi wakapangwa. Mpiga picha akainama, akafumba jicho, kisha akainuka kwa hasira na kumnyooshea kidole mfalme wa saruji:

"Patron, toka pale! Unafunika nyumba!"

Na Léonard, enyi vizazi, akatoka. Iandikwe basi kwamba siku ile, mbele ya bibi arusi na mashahidi wote, saruji ilirudi nyuma na pampu ikapigwa picha. Symphorien alilia waziwazi, wala hakuona haya.