Mto wa Gudula

Jumatatu, 13 Januari
Ushindi! Madirisha yote nimeyaziba kwa sponji na utepe wa gundi. Hata nzi hapiti. Wiegand wa ghorofa ya chini, kama kawaida yake, kafungua yake yote asubuhi, baridi yote hii ya mji wetu wa Kassel, Ujerumani, na mfarishi kauning'iniza nje. Eti hewa! Anapasha joto mtaa mzima, bwege yule. Mimi joto langu nakaa nalo. Soksi nimeanika sebuleni. Supu ya dengu. Raha tele.

Jumanne, 14 Januari
Mke wangu Gudula kaamka anakohoa. Kasema chumba kinanuka viazi vilivyosahaulika stoo. Nikamwambia ndiyo harufu ya joto. Kavuta kabati. Lahaula! Ukutani kuvu jeusi, upana wa sinia. Gudula kasema analala kwa dada yake mpaka uchafu ule uondoke, na nikimfuata na maelezo yangu hanifungulii mlango. Kaondoka na mto wake. Mto! Basi hatanii.

Jumatano, 15 Januari
Wiegand kagonga. Kumbe Gudula kamwaga siri yote kwenye ngazi akiondoka! Kaniletea kipimo cha unyevu, kisha somo: jirani, fungua madirisha wazi asubuhi na jioni, kabati lisigusane na ukuta wa nje, nguo kaanike darini. Nikamshukuru sana. Sifanyi hata moja. Afadhali kuvu kuliko kumtii Wiegand. Kipimo nimekiweka juu ya chuma cha kupasha joto. Sasa kinasoma pakavu, vizuri ajabu.
Kitanda kipana mno. Sipendi.

Ijumaa, 17 Januari
Mpango kabambe! Nimepaka rangi juu ya kuvu. Nyeupe pee! Kabati nikalisukuma palepale. Nikampigia Gudula: njoo Jumapili, nyumba inameta. Kajibu atakuja kunusa kwanza, mto atauacha begani.

Jumamosi, 18 Januari
Balaa. Harufu ya rangi haitoki. Itokee wapi? Macho yanachuruzika, kichwa kinapasuka. Nimebandua utepe wote, madirisha wazi, mbele na nyuma. Kabati lilinasa kwenye rangi mbichi, nikaling'oa hadi katikati ya chumba. Soksi zinanuka, nimezipeleka darini. Wiegand kaniona dirishani nimevaa koti na kofia, kanipigia kelele kutoka uani: hapo sawa, jirani! Nikamjibu hayamhusu, ni mambo ya rangi.

Jumapili, 19 Januari
Gudula kaja. Mto begani kweli. Kanusa sebuleni, kanusa chumbani, kainama kanusa ukuta. Kavuta pumzi ndefu. Hakukohoa! Kauweka mto kitandani, kasema: mzee wangu, leo umeniweza. Nusura nilie. Tukala keki ya jibini, vipande vikubwa.
Wiegand kaja kuchukua kipimo chake. Nikamweleza siri ni rangi, naye apake. Kakitia kipimo mfukoni, akaniaga. Maskini, nyumba hazijui.
Pembeni mwa ukuta naona kadoa ka kijivu. Kivuli tu.
Gudula kalala, anapumua taratibu. Nina furaha isiyo kifani. Sponji imebaki ya kutosha. Kesho naziba madirisha upya, safari hii na tundu la hewa la bafuni. Asije akapigwa na baridi, mpenzi wangu.