Polikarpo, Mtu Aptudeti

Jumanne, 10 Juni 1969
Inatangazwa rasmi, Temeke na dunia nzima: mie Polikarpo, fundi viatu, leo nimeng'arisha viatu vyangu mwenyewe. Sababu ipo. Jumapili nyumba zetu kumi zinachagua balozi. Jirani yangu Adelard, karani, naye anautaka ubalozi. Kasema mbele za watu kwamba siku hizi balozi awe mtu aptudeti. Nikauliza ndiyo nini. Ni mtu anayekwenda na wakati, akasema, habari zinamfika kabla ya wengine. Huku anaipapasa redio yake. Maringo! Yangu betri zimekufa. Nimezianika juani tangu juzi, zikatoa sauti ya mbu.

Alhamisi, 12 Juni
Ushindi! Apolonia, jirani muuza samaki, kanifungia samaki wa kukaanga kwa kipande cha gazeti. Tarehe imemezwa na mafuta, habari imebaki: Jumamosi asubuhi Rais mgeni anapita Barabara ya Pugu, wananchi wajipange kumlaki. Apolonia akauliza, shemeji, unakula au unasoma? Jina la mgeni nikaliona kama nalijua. Nikajipongeza: huko ndiko kuwa aptudeti! Nimepita nyumba zote kumi. Mke wangu Margareta kauliza mbona redio ya Adelard haijasema. Nikamwambia redio huchelewa.

Jumamosi, 14 Juni
Tumejipanga, matawi mikononi, ngoma, vigelegele. Likapita lori la mkaa. Tukalipungia, mazoezi. Jua likatukalia utosini. Kina mama wakaanza: mgeni wako kapitia uchochoroni? Ndipo akaja Adelard, redio kwapani, mpole wa kuudhi. Ndugu Polikarpo, akasema, mgeni huyo alipita mwaka jana, na bendera ulishika wewe.
Kweli. Nilinyeshewa siku ile.

Jumapili, 15 Juni
Mtaani nimesema uchaguzi ulikuwa wa kukabana koo. Hapa niseme kweli. Kila mtu alisimama nyuma ya amtakaye. Mstari wa Adelard ulipinda hadi uani kwa Apolonia. Nyuma yangu alisimama Margareta peke yake, naye alikuja kuniambia betri zangu zinanyeshewa.
Nikaenda kwa Apolonia kujipoza na samaki. Gazeti linasema Jumatano maji yatakatika Temeke yote. Adelard hajui! Tarehe sikuiona, lakini karatasi ilikuwa bado ya moto. Nyumba tatu zimeshaanza kujaza ndoo.