Dobi Aliye Karibu Nawe

Jumatatu, 4 Mei

Mama Mwenye Nyumba amenipa wiki moja. Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua namna ya kujitetea. Alisimama mlangoni na glasi yake ya chai, akatazama kaunta, akatazama benchi la wateja, akasema chumba changu kimekuwa kaburi lenye pasi. Kuhusu kodi halalamiki, nalipa. Anachotaka ni watu. Duka lake la vinywaji liko ukuta kwa ukuta na langu, na watu wanaosubiri nguo hupata kiu. Kwangu hasubiri mtu. Jumatatu ijayo, benchi likiwa bado tupu, chumba anampa Bwana Povu.

Povu! Yuko ng'ambo ya barabara na mashine zake za kufulia zenye vioo vya mviringo. Watu hukaa kutazama nguo zao zikizunguka kama wako sinema. Jina la Povu nilimpa mimi, kwa dharau. Likashika mtaa mzima, naye akaliandika ukutani kwa rangi nyekundu. Hata matusi yangu yanamletea wateja.

Chumba hiki nilikichagua kwa sababu kiko mkabala na posta. Duka la baba, kule kwetu, lilikuwa mkabala na posta. Wenye barua wana mashati, alikuwa akisema. Nilipoingia mji huu, kijana mwenye kifurushi kimoja na pasi ya mkaa ya marehemu baba, niliona posta, nikajua pa kutua mzigo. Sijawahi kuutua pengine. Chumba kikienda, mimi ni wa wapi?

Mchana nilikwenda semina ya wafanyabiashara wadogo. Mwezeshaji ni kijana mwenye mkunjo kwenye goti la suruali, mkunjo usiosameheka. Lakini alisema jambo. Alisema usiipigie kelele dunia nzima, maana dunia nzima haiwezi kukuletea shati. Chora duara kwenye ramani ya simu, kilomita mbili kuzunguka mlango wako, na tangazo lako litawafikia waliomo humo tu. Nimesoma vitabu vingi maishani. Sikumbuki sentensi yenye busara kuliko hiyo.

Povu kwisha habari yake.

Jumanne, 5 Mei

Tangazo tayari. Picha: pasi ya baba juu ya shuka jeupe, ile yenye mpini uliofungwa waya wa shaba. Mke wangu ameshika ncha za shuka kwa nyuma, uso hauonekani. Ni matakwa yake. Hataki ndugu zake wamwone.

Alitaka niandike bei, saa za kazi na jina la mtaa. Nikamwambia huo ni ukarani. Nimeandika: "Dobi wa tangu enzi za baba. Mkabala na posta. Wanga safi, kola imara. Niko karibu nawe." Akauliza tena mtaa uko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu aliye jirani haelezwi jina la mtaa wake. Ndiyo maana ya duara. Akaenda kuanua nguo.

Kisha ramani. Sikujua kwamba inasogea! Unaivuta kwa kidole kama shuka mezani. Nikaivuta kidogo, kuona tu. Ikaenda. Ikaendelea kwenda. Mto wa mpakani, ule tuliousubiri siku nzima kuuvuka huku mama akiwa na homa, nimeuvuka kwa ukucha. Nikafika kwetu. Stesheni ipo. Kiwanja cha mpira kimejengwa nyumba. Posta ipo! Mbele yake paa dogo la bati, lenye kutu upande mmoja. Duara lilikuwa limenifuata njia nzima bila kuitwa. Likatua juu ya paa lile kama kuku anayetaka kutaga.

Harufu. Kola ya Mwalimu Mkuu! Pasi ilikuwa imelala juu yake. Nikabonyeza "thibitisha" ili nimalize, nikakimbia.

Kola imepata ramani yake yenyewe, ya kahawia. Mwalimu Mkuu ndiye mteja wangu wa mwisho mwaminifu. Nimeitoa, nimeigeuza, nimeishona upya. Hatajua.

Jumatano, 6 Mei

Ushindi! Simu inasema tangazo limetazamwa na mamia. Mke wangu akauliza mamia hao wamekaa wapi, mbona benchi ni lile lile. Nikamwambia mbegu haioti siku inapofukiwa.

Simu zimeingia tangu asubuhi. Namba ndefu ajabu. Naona kampuni za simu zimeishiwa namba fupi. Na jambo la kupendeza: wote wanaopiga wana lafudhi ya kwetu, ile ya kuvuta neno mwishoni kama anayeaga. Sikujua kama tuko wengi hivi mtaani. Miaka yote tumepishana barabarani bila kujuana!

Lakini hafiki mtu. Wa kwanza, mwenye makoti mawili, alisema amesimama mbele ya posta na duka halioni. Nikatoka mlangoni. Mbele ya posta palikuwa na mwanamke anayeuza vocha, na mbwa. Nikamwambia avuke barabara. Akasema ameshavuka, yuko kwenye duka la saruji. Hatuna duka la saruji. Nikamuuliza posta anayoiona ni ya rangi gani. Akasema bluu. Nikamwambia posta ni ya njano, tangu ijengwe, na macho yake yakaangaliwe. Tukabishana mpaka salio lake likaisha.

Sikumsikitikia sana. Mtu asiyejua njano na bluu utamrudishia nguo gani akaridhika?

Alhamisi, 7 Mei

Nimegundua! Povu anawateka wateja wangu kwenye kona. Ameweka mtu wa kuwababaisha. Hilo duka la saruji ni uzushi wake.

Asubuhi alipiga kijana, akasema yuko njiani na mfuko wa mashuka ya harusi, amevaa shati la njano. Nikamwonya asizungumze na mtu yeyote. Nikaenda kona, nikajibanza nyuma ya nguzo ya umeme, shuka jeupe begani ili anitambue.

Shati la njano likatokea. Mfuko mkubwa. Anaelekea kwa Povu! Nikamrukia, nikamwambia karibu mwanangu, mashine zinararua harusi. Alivuta, nikavuta. Mfuko ukapasuka. Vikamwagika viatu vya mitumba, vyote vya mguu wa kushoto. Alikuwa mchuuzi.

Mtaa mzima ukasimama. Povu akaja mbio, akaokota viatu, akampa mchuuzi maji ya kunywa, akanipangusa vumbi begani na kuniuliza kama nimeumia. Mtu yule hana hata adabu ya kunichukia. Mama Mwenye Nyumba aliona yote. Alisema leo angalau nimekusanya watu, ila nimewakusanya upande wa Povu.

Jioni kijana wa mashuka akapiga tena. Amesimama mbele ya posta hadi miguu imemuuma, harusi ni Jumamosi, na mimi ni tapeli. Alisema "tapeli" kwa kuvuta mwishoni. Tusi la lafudhi ya kwetu linaingia ndani zaidi.

Ijumaa, 8 Mei

Nilivuka barabara kumkabili Povu mbele ya wateja wake. Nikamwambia dhuluma haidumu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu yake kulitafuta tangazo langu, alitazame. Hakulipata. Akauliza wateja wake. Hakuna aliyeliona. Mwanamke wa vocha hakuliona. Mama Mwenye Nyumba, anayeshinda na simu mkononi kama tasbihi, hakuliona.

Nikarudi dukani. Mke wangu akaninyang'anya simu. Akafungua ramani, akaitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea kicheko. Hakucheka.

"Baba Watoto," akasema, "wateja wako wako ng'ambo ya mpaka."

Posta ya bluu. Wameipaka bluu. Hakuna aliyeniambia. Lakini nani angeniambia?

Tulikuwa bado tumesimama pale, yeye na simu, mimi na aibu yangu, simu ikalia. Sauti ya bibi kizee. Alikuwa ameonyeshwa picha na jirani.

"Ni mtoto wa dobi?"

Nikasema ndiye.

"Ule waya wa mpini niliufunga mimi, baba yako alipoangusha pasi. Nikamwambia hautakaa. Kumbe umekaa." Kisha akauliza: "Mmerudi, mwanangu?"

Nina miaka sabini na mmoja. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniita mwanangu. Mke wangu alikuwa ananitazama, akitikisa kichwa taratibu: mwambie ukweli.

"Tuko karibu, mama," nikasema.

Akasema basi ataleta kitambaa chake cha meza. Tangu tuondoke hakuna aliyekitia wanga ukakubali.

Jumamosi, 9 Mei

Mwalimu Mkuu amehama. Kola ilimtoka jana mbele ya wanafunzi wote wamepanga mistari, katikati ya hotuba juu ya unadhifu. Shati lake leo linazunguka kwa Povu. Nimeliona kupitia kile kioo. Lilinipungia mkono.

Mke wangu amesema yaliyopita si ndwele. Siku mbili zimebaki. Nilihamishe duara, niandike bei na mtaa, tuone. Nikakubali. Ana akili, sijawahi kukataa hilo isipokuwa mbele yake.

Nililivuta duara hadi mtoni. Hapo nikasita. Yule mama atatoka na kitambaa chake, atatafuta tangazo aoneshwe njia, na tangazo halipo. Atafikiri tumeondoka tena. Mara ya kwanza tuliondoka bila kuaga.

Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, walisema wahenga. Hawakusema kama kurejea kwa kidole kunahesabika. Nikalirudisha duara juu ya paa. Nikaongeza mstari: "Leo tumefunga. Karibuni kesho."

Mke wangu aliuliza kama nimehamisha. Nikasema nimelisogeza. Si uongo. Nililisogeza kwenda na kurudi.

Jumatatu, 11 Mei

Hakuja mtu. Wangekuja vipi?

Nilimwomba mke wangu akae kwenye benchi, ajifanye mteja. Alikataa kwa maneno ambayo sitayaandika, kisha akakaa. Mama Mwenye Nyumba alipoingia, mteja wangu alikuwa amesinzia. Akamgusa bega, akamuuliza anasubiri nini.

"Huyu apate akili," mke wangu akajibu, macho bado yamefumba. "Ni zamani nimeanza kusubiri. Foleni haisogei."

Wakacheka wote wawili. Halafu Mama Mwenye Nyumba akaacha kucheka, akasema pole mzee, akatoka nje kumpungia Povu. Nilijua mkono ule unasema nini.

Nimeshusha pasi ya baba kutoka rafuni. Ukutani pamebaki alama yake, nyeupe, mahali ambapo moshi haukufika. Nilijaribu kuifuta kwa kitambaa. Ikazidi kung'aa.

Jumatano, 13 Mei

Chumba changu sasa kina mashine mbili. Nami nina meza kwenye pembe ya Povu, chini ya feni. Alikuja nyumbani kwangu mwenyewe. Alisema mashine hazijui kola, akaniomba. Alitumia neno hilo, kuomba, na akaniita mzee wangu. Sijamsamehe. Mwalimu Mkuu analeta mashati yake hapa na anasifu kazi. Hajui pasi imeshikwa na nani.

Nikiinamisha kichwa upande naiona posta, pembe moja tu.

Leo Povu ameniomba jambo jingine. Anataka tangazo la mtandaoni, na mimi ndiye mwenye uzoefu. Uzoefu! Ameusema bila kejeli, ndivyo alivyo. Amenikabidhi simu yake, kubwa kama sahani. Nikamweleza siri yote iko kwenye duara. Nimeandika bei, nimeandika saa za kazi. Nimeweka duara juu ya paa letu hapa, kilomita mbili, sawasawa na maneno ya mwezeshaji. Kidole kilikuwa juu ya "thibitisha". Mke wangu angekuwepo angejivunia.

Lakini kioo kikubwa hivi! Nikafikiri, kwenye kioo kikubwa hivi, bati la baba litaonekana hadi misumari. Nichungulie mara moja tu. Nikavuka mto. Posta ni bluu kweli. Na mbele ya lile paa kuna nukta, kama punje ya mchele, kama mtu aliyekaa na kitu cheupe magotini. Huenda ni tangi la maji. Nikalisogelea.

Harufu. Kola ya Mwalimu Mkuu!

Nikabonyeza.

Nitalirudisha kesho, mapema, kabla mtu hajajua. Au baada ya chakula cha mchana. Naandika haya nimekaa mezani kwangu, nikimsikia Povu kwenye simu. Anamwambia mtu, kwa upole mkubwa, kwamba posta ni ya njano.