Familia Yangu ya Wikiendi Moja

Jumatano, 9 Oktoba

Nyumba imepatikana. Dada Mkuu ameiona leo baada ya kipindi. Ina jiko, ina bustani, na paa lake halivuji. Tutahamia Januari. Tatizo ni moja tu. Vyumba vinne, na sisi tuko watano.

Kila mtu aliangalia chai yake. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaniangalia mimi. Hawakuniangalia kwa ubaya. Waliniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: naogopa. Katika mji huu mzima, wanaonitania kwa Kiswahili ni hawa wanne basi. Wakihama nitabaki bwenini na lile jokofu la wote, ambamo watu huandika majina yao hata kwenye mayai.

Dada Mkuu amesema tutaamua Jumatatu. Yeye anasomea shahada ya pili na anatuzidi umri sote, kwa hiyo akishakata kauli imekwisha. Kabla ya hapo, wikiendi hii, tunakwenda ziwani kupumzika. Hapo ndipo akili yangu ilipozinduka. Nikajitolea kuiongoza safari. Malazi, ratiba, kila kitu. Wakirudi watashangaa waliishije bila mimi. Ninasomea uongozi bwana, mwaka wa pili sasa.

Mpinzani wangu ni Mrefu. Anasomea uhandisi, ana ndevu, na kifaa kilichokufa kikimwona tu kinafufuka. Yeye hajui kuwa ni mpinzani wangu, na mtu wa namna hiyo ndiye wa kukaa naye chonjo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepiga simu nyumba zote za wageni za kando ya ziwa. Zimejaa. Imebaki moja, na mwenyewe ni mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Akaniambia hapokei wanafunzi. Waliwahi kuja, wakamvunjia mlango na bata wake wakakataa kutaga mwezi mzima. Anapokea familia tu.

Nikamwambia sisi ni familia.

Si uongo. Kwetu mtoto wa jirani wa shangazi ni ndugu. Mtu mkipanda naye gari moja safari ndefu, mkishuka ni ndugu. Kosa langu ni kwamba nilidhani swali limeishia hapo. Yule mama akataka kujua ni akina nani hasa, apate kutandika vitanda. Ikabidi nizae familia papo hapo, simu ikiwa sikioni.

Baba: mimi. Mama: Famasia, ambaye jina hilo amelipata kwa masomo yake na kwa kutupimia hata chumvi kwenye mizani. Shangazi: Dada Mkuu. Watoto wawili: Mrefu na Kimya. Akaniuliza umri wa watoto. Nikasema mmoja ana miaka kumi na tatu, mwingine kumi na mmoja.

Mrefu, miaka kumi na mmoja! Nilicheka peke yangu mpaka Kimya, ninayekaa naye chumba kimoja, akainua kichwa kutoka kwenye kitabu. Akanitazama. Akakirudisha kichwa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii.

Wenzangu nimewaambia tu kwamba malazi yapo na ni mazuri. Mengine nitawaambia kwa wakati wake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wakati wake haukupatikana. Kwenye treni Famasia alikuwa amelala. Kutoka stesheni kila mtu alikuwa amebeba mzigo na kuhema. Nikawaambia langoni, mkono wangu ukiwa tayari umebonyeza kengele.

Dada Mkuu alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuniminya. Famasia akauliza kama yeye ndiye mke wangu. Nikasema kwa siku mbili tu. Mrefu alikuwa bado anauliza yeye ana miaka mingapi pale mlango ulipofunguliwa.

Sasa, mimi nilikuwa nimejiandaa. Nimeweka mikono nyuma kibaba. Nimekohoa kidogo. Lakini urefu wangu si wa kujivunia, ndevu zangu ni saba, na kwa sababu ya baridi nilikuwa nimevaa kofia ya sufu yenye kishada ambayo shangazi alinifumia. Yule mama akanipita kama kiti. Akampa Mrefu mkono, akamkaribisha kama baba wa familia. Akampongeza Famasia kwa kuwa mama angali kijana. Akamsalimu Dada Mkuu kwa heshima zote. Kisha akainama, akanishika shavu, akaniuliza mimi ndiye wa kumi na tatu au wa kumi na mmoja.

Nikafungua mdomo. Mrefu akaniwahi. Akasema wa kumi na tatu, ila amechelewa kukua.

Akauliza yuko wapi wa pili. Kimya na mabega yake yale asingeweza kuwa mtoto wa mtu. Basi Dada Mkuu, ambaye hajawahi kumdanganya hata mkaguzi wa tiketi, akasema mdogo amepata homa, amebaki kwa bibi yake, na huyu ni mjomba wao, hasemi sana. Alisema hivyo bila kupepesa. Nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Wanawake wamepewa chumba kikubwa, Mrefu na Kimya chumba cha pili. Mimi nimepewa chumba cha mtoto. Kitanda kina umbo la gari. Miguu inatokeza pale kwenye taa za mbele.

Bado sijakata tamaa. Kesho nitachukua usukani. Wa safari, si wa kitanda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hawa watu hawana huruma. Nilidhani tukiwa peke yetu mchezo utakwisha. Umeanza.

Mrefu aliamka, akajinyoosha, akasema mwanangu kalete kuni. Wote wakavunjika mbavu. Nikacheka nao kuonyesha nina moyo mkubwa. Nilipomaliza kucheka alikuwa bado anasubiri kuni.

Nao wote wamelelewa kama mimi: penye mtoto, mkubwa hanyanyuki. Mtoto, niletee maji. Mtoto, funga mlango, baridi. Mtoto, kamuulize mama mwenye nyumba kama ana chumvi. Mtoto, na ukirudi pitia soksi zangu uani. Hata Kimya. Alinyoosha kidole kwenye birika, akaninyooshea mimi, akarudi kwenye kitabu chake. Nami mwili wangu ulinisaliti. Nilijikuta nimeshasimama kabla akili haijakataa. Miaka yote ile ya kuwa kitinda mimba nyumbani haikupotea bure.

Asubuhi yote nilipasua kuni, nikawasha jiko, nikachemsha chai, nikaosha vyombo. Ratiba yangu ya safari, yenye vipengele vya uongozi, ilitumika kuwashia jiko.

Mchana mama mwenye nyumba akaja kunichukua. Kumbe familia zinazolala pale hupewa na burudani ya watoto: kulisha bata. Nikapelekwa ukingoni mwa ziwa na watoto watatu wa wageni wa nyumba ya pili. Nikapewa kijibakuli. Nikapiga moyo konde, nikalisha.

Msichana mmoja mdogo, hana meno ya mbele, aliniangalia sana kidevuni. Akaniuliza kwa nini nina ndevu. Angeuliza kingine chochote ningekuwa na jibu. Nikamwambia ni ugonjwa.

Akaliacha bakuli, akakimbia kwa mama yake.

Dakika chache baadaye watoto wote walikuwa wameondolewa, bata wamebaki kwangu peke yangu, na mama mwenye nyumba anakuja mbio na kipimajoto. Mama wa yule msichana alikuwa nyuma yake, kajifunika pua kwa skafu. Nikarudishwa ndani nimeshikwa mkono. Wakamwita mama yangu mzazi, yaani Famasia. Wakamuuliza ni ugonjwa gani.

Famasia angeweza kuniokoa. Badala yake alinivuta kope, akanitazama ulimi, akasema hauambukizi, ni wa ukoo, unahitaji dawa chungu na kupumzika. Alichonichanganyia sijui ni nini. Nahisi ulimi hadi sasa umevaa koti.

Ajabu moja. Nilipotoka kitandani jioni walikuwa wamekaa karibu na jiko, mvua inanyesha nje, na nafasi moja imeachwa katikati. Sikuambiwa nilete chochote. Famasia aliniwekea chai. Mrefu alisimulia habari ya bata mpaka Kimya akacheka kwa sauti, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Anacheka kama trekta linalowaka. Nikafurahi mno. Halafu nikakumbuka Jumatatu, chai ikanishinda.

Jumapili, 13 Oktoba

Dada Mkuu aliamka amekunja uso. Akasema hawezi kuondoka katika nyumba ya mtu na uongo kwapani. Akaenda jikoni kwa mama mwenye nyumba kumweleza yote. Sote tukamfuata mmoja nyuma ya mwenzake, mimi wa mwisho. Nilikuwa nahesabu: tukifukuzwa kwa aibu siku moja kabla ya uamuzi, mimi chumba nimekikosa, tena kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Kisha akasema alijua tangu Ijumaa usiku. Hajapata kusikia mtoto wa miaka kumi na tatu akikoroma namna ile. Sahani zilitikisika kabatini.

Nikamuuliza mbona alinipeleka kulisha bata. Akasema alitaka kuona nitafika wapi.

Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema wanafunzi waliopita walimvunjia mlango. Sisi tumemrekebishia bawaba mbili (huyo ni Mrefu, sikujua hata aliamka saa ngapi), tumemkatia kuni za majuma mawili, vyombo vinang'aa. Akasema kama hii si familia basi yeye hajui familia ni nini. Tukitaka kurudi turudi, ila nije na kitanda changu. Yule mama wa msichana ameelezwa, akacheka, ingawa skafu hakuivua.

Kwenye treni nilikaa dirishani. Sikupanga lolote. Nilijaribu, nikakuta nimechoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Uamuzi umetoka.

Tulikutana chumbani kwa Dada Mkuu. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Sikufika utangulizi. Dada Mkuu akasema hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kuniacha. Ile Jumatano waliponiangalia kwa huruma, ilikuwa ni kwa sababu Dada Mkuu alikuwa ameshawaeleza, kabla sijafika, chumba nitakachopewa. Ni kile kikubwa cha uani, wa kulala humo ni wawili, na Kimya alikuwa ameshakubali kuendelea kulala na mkoromo wangu. Walikuwa hawajui waniambieje kwamba sitakuwa na chumba changu peke yangu, wasije wakaniumiza.

Nikamgeukia Kimya. Akasema ameshazoea. Neno zima, tena mbele za watu. Nusura nilie. Nililia kidogo. Nikasingizia vitunguu, na hapakuwa na vitunguu.

Sharti ni moja. Mrefu alilisoma kwa sauti ya baba: katika nyumba mpya mimi ndiye mtoto. Nikitumwa, natumika. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, walisema, nimefanya mambo yakafanyika, na yote yalifanyika siku ambayo sikuwa kiongozi wa chochote.

Nikakubali bila kujadili.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimelala vizuri, nimeamka na akili safi, nimeyatafakari yote kwa utulivu. Ukweli uko wazi. Mpango wangu ulifanikiwa asilimia mia. Nilisema watashindwa kuishi bila mimi, na kweli wameshindwa. Bila ile simu ya Alhamisi tungelala wapi? Wataalamu wa uongozi wana jina la jambo hili, ila kitabu sijakifungua.

Kwa moyo huohuo leo nimempigia simu mwenye nyumba mpya kabla Dada Mkuu hajampigia, kusudi tusipokonywe na wengine. Mzee mpole sana. Aliuliza tu ni watu gani watakaokaa humo. Nikaona anasitasita, nikaona nimtulize. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ndani ya nyumba kuna daktari.

Akafurahi mpaka sauti ikabadilika. Akauliza daktari mwenyewe ni nani. Famasia angefaa, lakini hakuwepo, nami nilikuwepo. Nikasema ni mimi.

Jumamosi anamleta mama yake nimtazame goti. Mkataba tutasaini hapohapo, mama akishasimama.

Nimeshaazima koti jeupe la Famasia. Nimemwambia ni la mchezo wa kuigiza. Linanifika kwenye viatu, lakini mikono nikiikunja mara tatu napendeza. Za goti nitasoma Ijumaa. Goti lenyewe ni kiungo kimoja tu.